Ufunguo wa Kabati la Sabuni

Jua lilikuwa bado halijachomoza. Baba na binti yake walikuwa wameshaamka. Binti alikuwa anakunywa chai. Baba alikuwa anapiga pasi sare ya binti ya shule.

"Baba, mpaka soksi umezipiga pasi?"

"Soksi nazo ni nguo."

"Nitachekwa mimi."

"Watakucheka wenye makunyanzi. Waache."

Baba huyo watu walimwita Nyoosha. Alikuwa mpiga pasi wa hospitali kwa miaka kumi na tisa. Shuka likipita mikononi mwake, kikunjo ungekitafuta kwa tochi usikipate. Mke wake alifariki miaka mitatu iliyopita, na tangu siku hiyo walibaki wawili nyumbani.

Nyoosha alifanya kazi chini kabisa ya jengo la hospitali, kwenye chumba cha kufulia. Kilikuwa na mashine mbili za kufulia, mashine moja ya kukaushia, meza ndefu na pasi nne. Mvuke ulikuwa mwingi hata ukuta ulitoka jasho. Madobi walikuwa saba. Kila siku walifua mashuka ya wodi zote. Walifua pia vitambaa vya kijani ambavyo madaktari hutumia wakati wa upasuaji. Mashuka yakichelewa, mgonjwa analala kwenye godoro tupu. Vitambaa vya kijani vikichelewa, hakuna upasuaji.

Na vilikuwa vinachelewa kila siku.

Mkuu wa chumba cha kufulia alipostaafu, mkurugenzi wa hospitali aliteremka mwenyewe. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufika huko chini. Alisimama mlangoni, asije akalowesha viatu.

"Nani hapa amekaa muda mrefu zaidi?" aliuliza.

Wote wakamtazama Nyoosha.

"Basi kuanzia leo wewe ndiye mkuu. Nakupa siku thelathini. Mashuka yakiendelea kuchelewa, kazi hii naipa kampuni ya nje. Nyote saba mtakwenda nyumbani."

Akampa ufunguo wa kabati la sabuni, akapanda ngazi akaenda zake. Hakumwambia kazi ya mkuu ni ipi. Hakumwonyesha chochote. Wakubwa wengi ndivyo walivyo. Wanakutwisha mzigo, wanakuhesabia siku, kisha wanafunga mlango wa ofisi. Ukidondosha, kosa ni lako.

Nyoosha hakujua uongozi unafundishwa wapi. Alijua mkuu mmoja tu maishani mwake, yule aliyestaafu. Yule alikuwa akifoka, na funguo zote alizivaa kiunoni. Basi Nyoosha naye akaanza kufoka. Ufunguo wa kabati akautia kamba, akauvaa shingoni.

Siku ya kwanza hadi ya kumi ilikuwa hivi.

"Bosi, naomba sabuni," alisema mwendesha mashine. Huyu alikuwa haishiwi maneno, ndiyo maana wenzake walimwita Redio.

Nyoosha aliacha alichokuwa anafanya, akafungua kabati, akapima sabuni, akafunga.

Baada ya dakika ishirini: "Bosi, naomba sabuni."

"Si nimekupa sasa hivi?"

"Ile nimeshawapa mashuka, bosi. Mimi sikuila."

Akafungua tena, akapima tena, akafunga tena. Katikati ya hayo alizunguka meza ya pasi. Kila shuka aliloona halijanyooka vizuri alilichukua, akalipiga pasi upya mwenyewe. Wapiga pasi walisimama mikono mitupu, wakimtazama. Mlima wa mashuka ulikua. Nyoosha alitoka jasho kuliko wote, akarudi nyumbani miguu imevimba, na mashuka yalichelewa kuliko zamani.

"Watu wenyewe wavivu," alimwambia binti yake. "Nikigeuka tu, kazi inalala."

Siku ya kumi na saba mambo yaliharibika kabisa. Asubuhi Mama Pacha alimfuata. Mama Pacha alikuwa mpiga pasi hodari na mtu wa maneno machache.

"Bosi, pacha wangu mmoja amelazwa hapo juu, wodi ya watoto. Daktari anapita saa nne. Naomba nusu saa tu nikamsikilize anasemaje."

Nyoosha alitazama mlima wa mashuka. Kabla hajafikiri, mdomo wake ulisema:

"Mashuka hayajikunji yenyewe."

Mama Pacha alirudi kwenye pasi yake.

Maneno yale hayakuwa ya Nyoosha. Miaka mitatu iliyopita mke wake alikuwa amelazwa ghorofa ya tatu, na hali yake ilikuwa mbaya. Nyoosha aliomba saa mbili tu akae naye. Mkuu wa wakati ule alimjibu, "Mashuka hayajikunji yenyewe." Nyoosha akakunja mashuka. Alipomaliza zamu akapanda ngazi mbio, akakuta kitanda kimeshatandikwa shuka jipya. Alikuwa amelipiga pasi yeye.

Hakupata nafasi ya kumwambia Mama Pacha kitu. Aliitwa juu kwenye kikao cha wakuu wa idara. Alikwenda na ufunguo shingoni.

Kikao kilichukua saa mbili. Wakubwa hupenda kusikia sauti zao. Huko chini sabuni iliisha baada ya dakika kumi. Redio alipanda ngazi kumtafuta, mlinzi wa mlangoni akamzuia kwa sababu ya aproni yake iliyolowa. Mashine zilisimama. Vitambaa vya kijani vilikaa na madoa yake ndani ya mashine. Mwanamke mmoja aliyekuwa tayari kwa upasuaji, hajala tangu jana, alirudishwa wodini akaambiwa asubiri kesho.

Mkurugenzi alimshika Nyoosha kwenye korido, mbele ya watu. "Zimebaki siku kumi na tatu," alisema. "Kampuni ya nje imeshaniletea barua."

Nyoosha aliteremka anachemka. "Saa mbili nzima mmekaa tu? Mngevunja kabati."

"Kabati la bosi linavunjwaje?" alisema Redio. "Tungelivunja, leo tungeitwa wezi. Tumeitwa wezi miaka yote. Wewe mwenyewe uliitwa mwizi hapa hapa ukiwa na sisi."

Mama Pacha aliweka pasi chini.

"Mimi sishangai kunyimwa ruhusa," alisema polepole. "Nimezoea. Nashangaa aliyeninyima. Wewe ulijua inavyouma."

Nyoosha alitamani sakafu ipasuke.

Jioni hiyo alimsimulia binti yake yaliyotokea, wala hakugusa chakula. Binti yake alikwenda nyumba ya pili kumwita jirani yao, Mama Mwiko. Mama huyu alikuwa mpishi mkuu wa shule ya bweni. Yeye na wapishi wenzake watano walilisha wanafunzi mia sita, mara tatu kwa siku. Alikuwa rafiki wa marehemu, na Nyoosha alimwita shemeji.

Nyoosha alianza kulalamika kabla hajamkaribisha kiti. Alimlaumu mkurugenzi. Alimlaumu mkuu aliyestaafu. Alilaumu vikao, ngazi, mlinzi na kampuni ya nje. Mama Mwiko alimwacha. Alikunywa chai yake yote akimsikiliza.

"Umemaliza, shemeji?"

"Bado, lakini sema."

"Yote uliyosema ni kweli. Wamekupa kazi bila kukufundisha, ni kosa lao, na hawatalala njaa kwa kosa hilo. Sasa tumzungumzie bosi mmoja tu. Yule anayevaa shati lako."

Binti aligeukia dirishani ili asicheke.

"Mimi nafanya kazi kuliko wote mle ndani," alisema Nyoosha.

"Ndiyo tatizo. Wewe bado ni mpiga pasi. Ila sasa ni mpiga pasi anayefoka. Kesho Jumamosi huna zamu. Njoo jikoni kwangu, ukae kwenye kigoda, uangalie. Usishike kitu."

Nyoosha alikwenda. Jiko lilikuwa kubwa, na sufuria zilikuwa pana kama mapipa. Kabla moto haujawashwa, Mama Mwiko aliwakusanya wapishi wake watano. Walisimama duara.

"Leo wanafunzi wote wapo," alisema. "Chakula cha mchana kiwe mezani saa saba kamili. Nani ana nini?"

Kila mmoja alisema kwa maneno yake mwenyewe. "Mimi nina maharage, yatakuwa yameiva saa sita." "Mimi nina mboga, lakini kisu changu ni butu." "Mimi namsaidia wa maharage, kisha naosha vyombo."

"Kisu nitakitafuta mimi," alisema Mama Mwiko. "Kingine kinachowakwamisha?"

Hakukuwa na kingine. Mazungumzo yote hayakufika dakika tano. Kila mtu akaenda kwenye kazi yake, na Mama Mwiko akaenda kutafuta kisu.

Nyoosha alishangaa. "Mkuu mzima unatumwa kisu?"

"Hiyo ndiyo kazi, shemeji. Yeye akate mboga, mimi niondoe kinachomzuia kukata. Nikikata mboga mimi, nani atatafuta kisu?"

Baadaye alionja maharage, akakunja uso. Chumvi ilikuwa imezidi. Nyoosha alisubiri amsikie akifoka. Mama Mwiko alimgusa mpishi begani, wakatoka nje wawili. Walirudi baada ya muda. Mpishi aliongeza maji na viazi, akaendelea na kazi akiwa makini.

"Kwa nini hukumsema hapa?" aliuliza Nyoosha.

"Ningemsema hapa, angefikiria aibu yake badala ya chumvi. Kosa la mtu namwonyesha pembeni. Akifanya vizuri, namsifu watu wasikie."

"Na kosa likiwa la mkuu?"

Mama Mwiko alimtazama. Alikuwa ameshasikia habari ya Mama Pacha kutoka kwa binti. "Kama mkuu amekosea mbele ya watu, anaomba radhi mbele ya watu hao hao."

Nyoosha alikuna kichwa. "Hili la ufunguo, je? Nikiacha kabati wazi, wakiiba sabuni?"

"Wameiba kiasi gani mpaka sasa?"

"Sijui."

"Umewahi kumwona mmoja akiiba?"

"Hapana. Mkuu wa zamani ndiye aliyesema ni wezi."

"Basi umerithi ufunguo na maneno yake. Hata kumwuliza mtu hujamwuliza. Waulize watu wako kwa nini mashuka yanachelewa. Kisha ufanye lile gumu kuliko yote."

"Lipi?"

"Unyamaze, wajibu."

Jumatatu Nyoosha alifika na bisibisi. Wenzake walisimama wakimwangalia. Alifungua skrubu za mlango wa kabati moja baada ya nyingine. Mlango ukang'oka. Akauegemeza ukutani. Kisha aliwageukia.

"Mama Pacha, nilikunyima ruhusa uende kwa mtoto wako. Nilikosea, na nilikosea kuliko mtu mwingine yeyote ambaye angekosea. Nisamehe. Wengine nimewafanya kama wezi na kama watoto. Nisameheni. Mama Pacha, daktari akipita leo, nenda. Nitashika pasi yako mpaka urudi."

Mama Pacha alijifuta uso kwa aproni. "Ni mvuke," alisema.

"Sasa nina swali," alisema Nyoosha. "Kwa nini tunachelewa?"

Walitazamana. Hakuna aliyewahi kuwauliza. Nyoosha aliuma meno ili asijibu mwenyewe. Ukimya ulimwasha kama upupu. Mwishowe Redio alikohoa.

"Wodi zote zinaleta nguo chafu saa tatu, kwa pamoja. Zinarundikwa. Vitambaa vya kijani vya jana vinafika mapema, vinakuwa chini kabisa ya rundo. Tunafua kuanzia juu. Kwa hiyo vinavyotakiwa kwanza tunavifua mwisho."

Nyoosha alikaa juu ya kikapu. "Umejua hili tangu lini?"

"Miaka miwili."

"Na hukusema?"

"Nimesema kila siku. Ndiyo maana mnaniita Redio."

Wote wakaangua kicheko, na Nyoosha akacheka hadi machozi. Kisha wakaanza kupanga. Mama Pacha alitoa wazo kwamba vitambaa vya kijani viwekwe kwenye mifuko yake, ifungwe utepe mwekundu, na kila mtu ajue kwamba utepe mwekundu unatangulia mbele ya kila kitu. Mkunjaji mmoja akasema wodi zilete nguo kwa zamu mbili, nusu saa tatu, nusu saa sita. Redio alipima muda wa kila mashine kwa saa ya ukutani.

Zamu za wodi zilihitaji ruhusa ya mkurugenzi. Zamani Nyoosha angerudi nyumbani kumlaumu. Sasa alipanda ngazi, akamchukua Redio.

"Utaratibu wa saa tatu uko hivyo tangu zamani," alisema mkurugenzi, macho kwenye karatasi.

"Ndiyo, mheshimiwa, na vitambaa vinachelewa tangu zamani," alijibu Nyoosha. "Huyu mwenzangu amepima. Mwambie."

Redio, kwa mara ya kwanza maishani, alisema maneno machache. Alitaja dakika ambazo rundo linalala na dakika ambazo mashine zinakaa bure. Mkurugenzi aliinua macho. Watu wa chini walikuwa hawajawahi kumletea kitu kilichopimwa. Wala yeye hakuwahi kukiomba.

"Wiki moja," alisema.

Wiki hiyo Nyoosha aliona tabu yake. Kila asubuhi walisimama duara dakika tano. Nani ana nini? Nini kinakukwamisha? Waya wa pasi ukichubuka, alikwenda kwa fundi na kumkalia kooni mpaka aje. Akiona shuka lenye kikunjo, mikono ilimwasha. Aliificha mifukoni.

"Bosi, unasikia baridi humu?" Redio alimtania.

"Nimeifunga isije ikakunyang'anya kazi."

Alimwomba Mama Pacha awafundishe wengine namna ya kuanza na pindo la shuka. Mashuka yao hayakuwa kama ya Nyoosha. Lakini yalikuwa safi, yamenyooka vya kutosha, na yalifika wodini kabla ya chakula cha mchana. Mgonjwa hakuwahi kuuliza kikunjo kiko wapi. Na sabuni, pamoja na kabati kuwa wazi, haikuisha haraka kuliko zamani. Kila mmoja alichota kiasi kile kile.

Siku ya thelathini ikafika. Mkurugenzi alimwita Nyoosha ofisini kutoa uamuzi. Barua ya kampuni ya nje ilikuwa mezani, na kalamu juu yake. Walikuwa hawajaanza, simu ikalia. Ilikuwa chumba cha upasuaji. Kulikuwa na ajali barabarani. Majeruhi watano walikuwa njiani, na vitambaa vya kijani vilitakiwa mara mbili ya kawaida. Mkurugenzi hajaweka simu chini, mlinzi akaingia.

"Mzee, huko chini mashine moja imekufa. Maji yamejaa sakafuni."

Mkurugenzi alimtazama Nyoosha. "Unangoja nini? Teremka."

Mikono ilimwasha Nyoosha kuliko siku zote. Lakini alifikiria duara la asubuhi, akavuta pumzi.

"Nitateremka, mheshimiwa. Lakini sitakimbia. Nikifika nakimbia, nitawavuruga. Njoo uone mwenyewe."

Waliteremka wote wawili. Mkurugenzi alilowesha viatu.

Ndani hakukuwa na kelele, ingawa habari ya ajali ilikuwa imeshafika huko. Vitambaa vya mifuko yenye utepe mwekundu vilikuwa ndani ya mashine moja iliyobaki nzima. Redio na mwenzake walikuwa wamevua viatu, wanasuuza vitambaa vingine kwa mikono kwenye mapipa. Mkunjaji alikuwa ameshazunguka wodi zote kuomba mashuka yasubiri hadi jioni, na wauguzi walikubali. Fundi alikuwa amelala chini ya mashine mbovu, miguu tu inaonekana. Mama Pacha alikuwa anapakia mzigo wa kwanza kwenye toroli, uende kuuliwa vijidudu.

"Nani amewaagiza haya yote?" aliuliza mkurugenzi.

Mama Pacha hata hakusimama. "Hakuna aliyetuagiza. Utepe mwekundu unatangulia. Naomba njia, mheshimiwa, toroli lipite."

Mkurugenzi akapisha.

Vitambaa vilifika chumba cha upasuaji nusu saa kabla ya kuhitajika. Majeruhi wote watano walihudumiwa. Hakuna aliyerudishwa wodini.

Mkurugenzi alirudi ofisini. Mchana uleule alimrudishia mwenye kampuni barua yake, bila kuitia saini. Huko chini hakuteremka kusema asante, wala hakuna aliyemngoja aseme. Ujumbe aliuleta mlinzi: chumba cha kufulia kitabaki na madobi wake saba. Walipiga makofi, wakagonga ndoo, fundi naye akagonga bomba chini ya mashine. Mama Pacha alimshika Nyoosha mkono, akauinua juu kama wa bondia.

"Huyu hakufua hata kitambaa kimoja leo," alisema, "na ni leo tumeshinda."

Nyoosha alijifuta uso kwa kiganja. "Ni mvuke," alisema.

Mwezi uliofuata mkurugenzi alitoa agizo jipya. Kila mkuu mpya wa idara lazima akae wiki nzima chumba cha kufulia kabla ya kupewa cheo. Agizo hilo lilistahili kutolewa miaka mingi nyuma, lakini angalau lilitolewa.

Wa kwanza kuletwa alikuwa mkuu mpya wa stoo ya dawa. Aliteremka ngazi na daftari jipya na kalamu mbili. Alitazama huku na huku kwenye mvuke.

"Shikamoo, mzee. Mimi nimekuja kujifunza uongozi. Ofisi yako ni ipi?"

"Marahaba. Sina ofisi," alisema Nyoosha.

"Basi nikae wapi?"

"Usikae. Weka daftari mahali pakavu, kisha simama pale karibu na Redio. Mwulize nini kinamkwamisha leo."

"Halafu?"

"Halafu unyamaze. Ana majibu ya miaka miwili huyo."